Maji ya Moto, Theluji, na Daftari la Mwanafunzi



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo, kwa kulitazama mara moja, mtu aweza kusema ni la watu wa vyuo vikuu wala si letu sisi tunaoamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe. Jambo lenyewe ni utaratibu na vurugu: kipi katika dunia hii kina mpango, na kipi hakina. Msinikimbie. Habari hii ina ndani yake kihamba, mfongo, mvua ya masika, mashairi, na maziwa ya kugandisha; tena ina kijana wa nchi yetu aliyechekwa darasani, ambaye leo jina lake lasomwa katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Kilichonifanya nishike kalamu ni daftari moja. Binti wa kigango chetu, aliye kidato cha tano katika masomo ya sayansi, alipewa insha na mwalimu wake: aeleze jinsi watu wa fasihi na watu wa sayansi wanavyouona utaratibu na vurugu. Aliiandika wakati wa likizo, kurasa 18, akaniletea ofisini nimpigie chapa. Siku mbili baadaye akaja baba yake, wala hakuja na furaha.

“Mwalimu,” akaniambia. (Huniita hivyo kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu, ijapokuwa kazi yangu sasa ni vitabu vya ubatizo na stakabadhi za zaka.) “Huyu nilimpeleka akasome sayansi. Sasa usiku kucha ni riwaya na mashairi. Mambo haya mawili hayakai katika kichwa kimoja. Mwambie aache.”

Sikumwambia aache. Nilimwomba mzee anipe muda nilisome daftari lote. Na kwa kuwa wazazi wasemao kama yeye si mmoja wala si wawili, nimeona ni vema jibu langu liwafikie wengi. Binti amenipa ruhusa. Nitafuata daftari lake mahali linapokwenda vizuri, na pale ambapo ujana umemchukua mbali nitapita upesi. Kurasa tatu juu ya nyota nimeziruka zote.

THELUJI ILIYOKATALIWA

Anaanza na mlima wetu, na hapo ameanza vema. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Waingereza cha CMS, alikuwa safarini kutoka pwani kuja Uchaggani. Akaona juu ya mlima kitu cheupe, kama wingu lisilotembea. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, yule hakuwa na jina lake. Alisema tu ni “baridi”. Lakini Rebmann alizaliwa katika nchi ya theluji, akaijua mara moja. (Hakuwa Mkatoliki, lakini macho yake yaliona sawasawa, na haki yake apewe.)

Habari zake zikachapwa Uingereza mwaka 1849. Kule London alikuwapo bwana mmjuzi wa vitabu, William Desborough Cooley, aliyeandika sana juu ya bara la Afrika kwa kusoma safari za watu wengine. Yeye akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta! Katika mpango uliokuwa kichwani mwake, ikweta ni joto, na penye joto theluji haikai. Basi aliyesema ameiona alikuwa ameona vibaya. Mabishano yakaenda miaka. Mwaka 1861 na tena 1862, Baron Karl Klaus von der Decken alikuja na vyombo vya kupimia, na safari ya pili akapanda kufika mita 4,300 hivi, theluji ikamwangukia. Watu wengi wakaridhika, ila Bwana Cooley hakuacha kubisha.

Binti anaandika neno ambalo limenipendeza. Anasema mpango wa Cooley haukuwa wa uongo, ulikuwa mfupi. Alihesabu umbali kutoka ikweta, akasahau kuhesabu kimo. Hewa hupoa kiasi cha digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Moshi uko kwenye mita 900 hivi. Kilele cha Kibo ni mita 5,895. Basi ikiwa mjini ni digrii 25, panda mita 5,000 na kutoa digrii 30, utabaki na 5 chini ya sifuri. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba aifanya kwa kijiti mavumbini. Jambo lililoonekana vurugu London lilikuwa utaratibu mtupu. Palipungua namba moja tu.

Naongeza kwa huzuni kwamba theluji hiyo iliyobishaniwa inatuaga. Barafu ya mlima ilipopimwa mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Wazee waliokulia Kibosho au Marangu hawahitaji kuambiwa. Waliiona ikirudi nyuma kwa macho yao.

MIZANI, VINA, NA MTU ALIYEVIVUNJA

Sasa twende kwenye fasihi, ambayo ndiyo iliyomkasirisha mzee wetu.

Ninyi mnaotunga mashairi na kuyapeleka magazetini mwajua sheria zake. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, nane huku na nane huku. Kina cha kati kikae mahali pake na cha mwisho mahali pake. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri, alizipanga sheria hizi katika kitabu mwaka 1954. Marehemu Mathias Mnyampala wa Ugogo, Mkatoliki mwenzetu, alitumia sheria za namna hiyo kuandika Utenzi wa Enjili Takatifu. Mtu akizizoea, sikio lake hukataa mshororo wenye mizani 15 kama vile ulimi ukataavyo mchuzi usio na chumvi.

Halafu mwaka 1974 kikatoka kitabu kiitwacho Kichomi. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika Kichomi aliacha vina, akaacha mizani, mistari mingine mirefu na mingine ya neno moja. Washairi wakapiga kelele: hii ni vurugu, wala si ushairi! Wengine wakamtetea. Mabishano hayo yalidumu miaka mingi, na mpaka leo ukitaka kuwagombanisha walimu wawili wa Kiswahili, anzia hapo.

Mimi mwenyewe napenda vina, nasema wazi. Shairi lisilo na vina halinikai kichwani nikiwa njiani. Lakini binti ananiuliza katika daftari: je, mtu anayevunja mstari mahali alipokusudia kuuvunja, si ana mpango? Nimeisoma Kichomi tena kwa ajili ya swali hilo, na sina budi kukubali. Yule bwana hakutupa kipimo, alibadili kipimo. Alipima pumzi ya msemaji na uzito wa neno badala ya kuhesabu silabi. Riwaya zake za mwisho, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, ni ngumu zaidi, kwa maana ndani yake hata wakati hauendi kutoka jana kuja leo. Mzingile nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilielewa zaidi kidogo.

Mahali ambapo daftari hili limenifanya nikae kimya ni pale linapoweka vitabu viwili pamoja. Cha kwanza ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Hakuna kitabu kilichopangwa vizuri kuliko hicho: nchi iliyo hewani, baraza la mfalme, mshtakiwa mmoja aitwaye Karama, na wajumbe sita waliotumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe arudi na habari za manufaa. Kila mjumbe atiwa gerezani. Kila kitu kina taratibu zake: hati, shauri, hukumu. Na ndani ya taratibu hizo zote, haki imepinduliwa miguu juu. Kitabu cha pili ni Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha mwaka 1971, ambacho wakati fulani kilizuiwa mashuleni. (Si kitabu cha kuwasomea watoto wadogo.) Humo mna baba, Zakaria, anayemtawala binti yake kwa fimbo na vitisho, hata salamu ya mvulana ni kosa, na huku yeye mwenyewe ni mlevi. Binti alipofika mbali na macho ya baba, maisha yake yalivunjika vipande, akaishia kaburini.

Basi mwanafunzi wetu anasema: kuna utaratibu wa nje ambao ndani yake ni vurugu. Na hili, anasema, wanasayansi hawana chombo cha kulipimia. Ni lazima waandishi walisimulie. Nilipomsomea baba yake ukurasa huo, hakusema neno. Alivua kofia, akaivaa tena.

BWANA LORENZ NA MVUA YA MASIKA

Wengi wetu tunadhani sayansi ni nyumba ya utaratibu: ukijua sheria, wajua litakalotokea. Kupatwa kwa jua hutabiriwa miaka mingi mbele, saa na dakika. Kwa nini basi mtu wa hali ya hewa hawezi kuniambia kama mvua itanyesha siku ya harusi ya mwanangu mwezi ujao?

Mwaka 1961, huko Marekani, mwanasayansi wa hali ya hewa aitwaye Edward Lorenz alikuwa na kompyuta iliyokokotoa hali ya hewa ya kubuni, siku baada ya siku, kwa kufuata sheria chache zisizobadilika. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya hesabu. Badala ya kuanzia mwanzo, alichukua namba zilizochapwa katikati ya karatasi ya zamani, akaziingiza, akaenda kunywa kahawa. (Wakulima wa Kilimanjaro watafurahi kusikia kahawa ina sehemu katika habari hii.) Aliporudi baada ya saa moja alikuta jambo la ajabu. Mwanzoni hesabu mpya ilifuatana na ya zamani, kisha zikaanza kuachana kidogo kidogo, mwishowe hazikufanana hata chembe, kama hali ya hewa ya nchi mbili mbalimbali.

Kompyuta ilikuwa nzima. Sababu ilikuwa hii: ndani yake kompyuta ilitunza namba 0.506127, lakini karatasini, kwa kubana nafasi, ilichapa 0.506 tu. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko sehemu moja katika elfu. Hiyo peke yake ilitosha kubadili mvua na jua za miezi iliyofuata. Lorenz aliieleza habari hii katika makala ya mwaka 1963, na mwaka 1972 akatoa hotuba yenye swali lililopata sifa: je, kipepeo akipiga mabawa yake Brazil aweza kuleta kimbunga Texas?

Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa watu hupotea. Hasemi ya kuwa hewa haina sheria. Sheria zipo, ni kali, wala haziendi kwa bahati. Ila hatuwezi kupima mwanzo wake kikamilifu, na kosa dogo la mwanzo hukua haraka mno. Wanasayansi huita hali hiyo vurugu, lakini ni vurugu yenye sheria ndani yake.

Mkitaka kuiona bila kompyuta, nendeni kwenye mfongo ulio karibu. Dondosheni majani mawili ya mkahawa, yakiwa yamegusana. Yataondoka pamoja. Penye jiwe la kwanza moja litakwenda kushoto, jingine kulia. Moja litanasa kwenye mzizi, jingine litafika shambani kwa jirani kabla hamjamaliza Salamu Maria. Hapana mtu awezaye kutabiri njia ya jani. Lakini kila mtu ajua mfongo wenyewe unakwenda wapi, kwa sababu babu zetu waliuchimba uende huko.

Hali ya hewa ni vivyo hivyo. Kwamba masika yetu huanguka Machi mpaka Mei, na vuli Oktoba mpaka Desemba. Kwamba upande wa kusini wa mlima hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini. Hayo ndiyo mfongo. Kwamba mvua itanyesha Jumanne ya wiki ya nne kutoka leo, hilo ndilo jani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema msimu huu mvua zitakuwa juu ya wastani, haikusema habari ya Jumanne yenu. Msiite uongo jambo ambalo hamkuambiwa.

KIHAMBA KILICHOONEKANA PORI

Ukurasa wa 12 ndio ulioleta maneno nyumbani kwao, na ndio ulionifanya nilitake daftari hili lisomwe na wengine.

Mgeni akiingia katika kihamba cha Kichagga mara ya kwanza huona pori. Hapana mistari, hapana kitalu cha kitu kimoja. Lakini tazama kwa utulivu. Juu kabisa ni miti mikubwa, mifuruanje na mingineyo, itoayo kivuli chepesi, mbao, kuni, na mahali pa mizinga ya nyuki. Chini yake migomba. Chini ya migomba mikahawa, isiyopenda jua kali. Chini ya mikahawa, ardhini, magimbi, viazi vikuu, maharage, na majani ya mifugo. Ng'ombe yuko zizini. Hula majani na vigogo vya migomba, na samadi yake hurudi kwenye mashina. Maji huja kwa mfongo kutoka msituni, kwa zamu. Mpakani kuna masale, na kila mtoto ajua ya kuwa sale haling'olewi ovyo. Mpango huu umelisha watu wengi juu ya ardhi ndogo kwa karne nyingi, na mwaka 2011 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa liliviingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Pori gani hilo lenye faida namna hiyo?

Sasa, baba wa binti alikwisha kupatana na mwenye msumeno juu ya mifuruanje mitatu. Alikuwa na sababu: vifaa vya shule, nauli, na mahindi aliyotaka kuyapanda kwa mistari mahali pa ile miti, yaonekane mazuri kama shamba la bwana shamba. Sitaki mtu amcheke. Fedha za miti mitatu si kidogo, na aliyekuwa akizihitaji zaidi ni binti mwenyewe.

Na binti aliandika, bila kumtaja baba yake, ya kuwa mti mmoja wa juu hufanya kazi nne ambazo hazilipwi: hukinga mkahawa na jua, hudondosha majani yanayokuwa udongo, hubeba mizinga, na mizizi yake hushika ukingo wa mfongo. Ukiuondoa, kila kazi kati ya hizo itabidi ifanywe na mtu, kwa jasho au kwa fedha. Hapo akaingiza fizikia aliyofundishwa: vitu vikiachwa peke yao huelekea kuchanganyikana na kuharibika, joto hutoka penye moto kwenda penye baridi wala halirudi lenyewe, na kila utaratibu udumuo una nguvu inayoulipia. Mfongo usiozibuliwa hujaa matope. Ndiyo maana tangu zamani asiyefika siku ya kusafisha mfongo hutozwa. Wazee hawakusoma fizikia hiyo, lakini bei ya utaratibu waliijua.

Mzee aliniomba nimsomee ukurasa huo mara mbili. Kisha akauliza, “Haya ni ya kwenye riwaya au ya kwenye sayansi?”

Nikamjibu, “Yote mawili, Mzee. Macho ya kuona pori si pori, na hesabu ya kuonyesha kwa nini.”

Mfuruanje mmoja ulikatwa, ule uliokuwa umeliwa na mchwa. Miwili ipo. Fedha zilizopungua zilitafutwa kwa njia nyingine, na haikuwa njia rahisi.

KIJANA WA MAZIWA YA MOTO

Nimeweka mwisho habari niliyoipenda kuliko zote. Walimu wawaambie watoto, hasa wale wanaoogopa kuuliza.

Mwaka ule ule wa 1963, Bwana Lorenz alipotoa makala yake, katika shule ya sekondari ya Magamba kule Lushoto kijana mmoja wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka ndani ya friza. Nafasi ilikuwa chache na wavulana walikuwa wengi. Mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba naye akaona akingoja yapoe atakosa. Akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado yalikuwa uji.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Jibu likawa kwamba alichanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezi kutokea. Baadaye, akiwa likizo, akakutana Tanga na rafiki yake muuza aiskrimu, ambaye alimwambia kwamba naye hutia ya moto ili yagande upesi. Angalieni, wasomaji: muuza aiskrimu alilijua.

Alipokwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, wakafundishwa sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mpemba akauliza tena. Mwalimu akamjibu ya kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Na tangu siku ile, akikosea hesabu, darasa zima likawa na utani: hiyo ni hesabu ya Mpemba! Yeye hakunyamaza. Siku moja alikuta chumba cha maabara ya biolojia kiko wazi, akachukua vikombe viwili, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji ya moto, akavitia ndani ya friza, akaona la moto lina barafu zaidi.

Ndipo akaja kuhutubia shuleni Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Wakati wa maswali Mpemba akasimama: vyombo viwili sawa, maji sawa, kimoja digrii 35 na kingine digrii 100, vikiwekwa katika friza cha digrii 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake waliona aibu kwa ajili yake. Dakta Osborne alitabasamu, akamwuliza kama ana hakika, akasema hajui sababu, lakini atajaribu. Na alijaribu kweli. Fundi wake wa maabara alirudi na habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaahidi kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Wakarudia kwa utaratibu, sentimita za ujazo 70 za maji kila mara, wakaona maji yaliyoanza kwenye digrii 25 yalikawia kuanza kuganda kuliko yaliyoanza karibu na digrii 90. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapa makala pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza.

Na mwaka huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wapi? Hapa kwetu, katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, juu ya mji wa Moshi, chuo kilichofunguliwa mwaka 1963. Jina la Moshi limo katika makala ile. Mara ngapi mmepita njia ya Mweka bila kujua?

Wazee wa sayansi, Aristotle na Francis Bacon na Descartes, waliwahi kuandika jambo la namna hii karne nyingi kabla yake, nalo likasahauliwa kwa kuwa halikuingia katika mpango. Siku hizi huitwa kwa jina la Mpemba. Na sababu yake? Wengine husema maji ya moto hupungua kwa mvuke. Wengine, hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Wengine, huzunguka kwa nguvu zaidi chomboni. Wengine, chombo cha moto huyeyusha sakitu chini yake na kukaa vema kwenye ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wakemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 wataalamu wawili wakachapa kwamba katika majaribio yao jambo hilo halikuonekana kwa uhakika, na kwamba hata mahali pa kushika kipimajoto ndani ya chombo hubadili jibu. Mwaka 2020 wengine wakalionyesha wazi, si katika maji bali katika chembe ndogo sana zilizoelea majini. Shauri halijafungwa. Binti anaandika ya kuwa anafurahi halijafungwa, kwa maana limemwachia kazi.

Mwenye duka lenye friza aweza kulijaribu na watoto wake. Twaeni makopo mawili sawasawa, ya bati. Pimeni maji kwa kikombe kimoja, yawe sawa. Moja yawe ya bomba, jingine yametoka jikoni sasa hivi. Yawekeni kwenye ubao au kitambaa kikavu, si juu ya barafu, yasigusane, na kila moja lipewe alama. Chungulieni kila robo saa, mfunge mlango upesi. Rudieni si chini ya mara tano, mkibadilishana nafasi za makopo, na andikeni kila mara lipi limetangulia, hata kama si lile mlilotaka. Chupa za kioo msitumie, hupasuka.